Shule ya Pawasoo na Leso za Silanga

Nawaomba radhi mapema kwa mwandiko huu. Herufi zinazotetemeka si za woga. Ni mikono yangu, ambayo msumeno wa mashine umeifundisha kutetemeka hata mashine ikiwa imezimwa. Kwa makosa ya tahajia siwezi kusingizia mashine. Hayo ni ya darasa la saba, nami nililimaliza nikiwa nimekaa nyuma ya mvulana mrefu ili mwalimu asinione.

Siku ya kuniaga, ninyi vijana mnaobaki na misumeno mliniomba nisimulie mambo ya kazi. Nikasema nitaandika, kwa sababu njia nyingine ilikuwa kusimama mbele yenu na kuhutubia. Naandika polepole, basi nanyi someni polepole. Vyeo nitavipita. Mishahara pia nitaipita, kama yenyewe ilivyokuwa ikinipita mimi.

Nilifika Nairobi mwanzoni mwa miaka ya tisini nikitokea milima ya Usambara, Tanzania. Kwetu nilikuwa nikipasua mbao kwa msumeno wa watu wawili, mmoja akisimama juu ya gogo na mwingine shimoni chini yake. Mimi nilikuwa wa shimoni. Ni mahali pazuri kwa mtu mwenye haya: hakuna anayekuona, na vumbi la mbao likikujaa machoni, wewe pia humwoni mtu. Nikasikia kwamba Kenya msumeno unajivuta wenyewe. Hilo lilinitosha kuvuka Namanga.

Nilipanga chumba Kambi Muru, huko Kibera, kwa mama mmoja Mnubi aliyeitikia shikamoo yangu kwa furaha kiasi kwamba nikadhani jiji zima litakuwa hivyo. Asubuhi yake nilimwamkia muuza mandazi, akanitazama kama mtu aliyeombwa mkopo. Toka siku hiyo nikawa mtu wa kutikisa kichwa tu.

Kazi niliipata Kawangware, upande unaoelekea Riruta, katika uwanja wa mbao wa mzee mmoja aliyeitwa Githinji. Alikuwa na lori, nyundo, shoka kadhaa na pawasoo moja, kama walivyouita huko msumeno wa injini. Aliitunza chini ya blanketi, na nadhani blanketi lile lilikuwa zito kuliko langu. Siku ya kwanza alilifunua taratibu, akanipa mafunzo yote ya usalama aliyokuwa nayo.

"Hapa unashika. Hapa unavuta. Ikikukata, umekosea."

Tulikuwa pia na kofia ngumu moja, ya pikipiki. Githinji aliivaa mwenyewe, kwa sababu yeye ndiye mwenye mali, na kwa sababu alisimama mbali kuliko wote. Sisi tuliokaa chini ya mti tulilindwa na Mungu, ambaye hakudai vifaa.

Mshika msumeno alikuwa Wafula, mtu wa Bungoma, mcheshi, mwenye masikio makubwa aliyoyategemea sana. Alinifundisha kunoa cheni kwa tupa ya duara, jino baada ya jino, kila jino kwa idadi sawa ya misuguo. "Tizedi," aliniambia, maana hilo ndilo jina walilonipa, kwa herufi TZ za nchi yangu, "cheni butu ni kama shemeji mlevi. Unamsukuma aende mbele, yeye anakurukia usoni." Alijua kusikiliza injini na kukuambia kama oili iliyochanganywa na petroli ni kidogo. Kuhusu mahali pa kusimama mti unapoanguka, alijua jambo moja tu, nalo ni kukimbia. Alilifanya vizuri sana.

Sasa lazima niwaeleze sheria ya leso, zile ambazo kwetu tunaziita kanga, maana ninyi hamkuikuta. Kazi zetu nyingi zilikuwa kwenye nyumba kubwa zenye miti ya zamani. Tulichukua magogo, na matawi yakawa ya akina mama wa kuni. Wengi walitoka Silanga, pale Kibera karibu na bwawa, ambako waliuza kuni na makaa. Jinsi habari za mti zilivyofika Silanga sijui mpaka leo. Tulikuwa bado tunabishana langoni na mlinzi, wao wameshafika.

Na sheria yao ilikuwa hii: tawi lenye leso yako mti unapoanguka ni lako. Basi mama alifunga leso yake kwenye tawi la chini, au aliirusha juu ikiwa na jiwe pembeni hadi inase. Lakini leso isiyo na mwenyewe karibu ilihamishwa na jirani bila hata kusema samahani. Kwa hiyo walisimama pale pale chini ya mti, macho juu, pawasoo ikinguruma, mpaka waliposikia shina linalia. Hapo wote walitimka. Nimeona mechi za mpira zenye mbio chache kuliko hizo.

Bingwa wao alikuwa Mama Risper, mjane kutoka upande wa ziwa, mwanamke mrefu mwenye sauti iliyoishinda pawasoo. Leso yake ilikuwa ya njano, nayo ilipanda juu kuliko zote.

"Wafula!" alikuwa akiita. "Kata pole pole, sijachagua!"

"Mathe, hii si duka!"

"Kama si duka, mbona huyo mzee yako amevaa helmeti kama amekuja kununua pikipiki?"

Githinji hakucheka. Sisi tulicheka kimoyomoyo, kama watu wanaopenda kazi yao.

Siku moja tulikuwa tunaangusha mjakaranda. Wafula alikuwa kwenye msumeno, mimi nilikuwa navuta kamba. Shina lililia, akina mama wakatimka, Mama Risper mbele kama kawaida. Kisha akageuka. Mwenzake alikuwa amebaki nyuma akiishusha ile leso ya njano. Mama Risper akarudi kuitetea. Mti haukujua kwamba kuna kesi, ukaja. Tawi moja lilimpiga begani likamlaza, na mkono wake ukawa umekunjwa mahali ambapo mkono haukunjwi.

Tulimbeba hadi kwenye lori. Njiani hakulia. Alisema tu, "Yawa, hiyo tawi ni yangu. Risper aende aichukue." Githinji naye alisema, kwa huzuni kubwa, kwamba kamba imekatika na kamba siku hizi ni ghali.

Wafula hakurudi kazini. Alimtafuta binamu yake aliyekuwa kwenye mashamba ya chai upande wa Limuru, akaenda kukata kuni za kiwanda. "Huko miti haina wanawake chini," aliniambia. Asubuhi iliyofuata Githinji alifunua blanketi, akanikabidhi pawasoo.

"Umepanda cheo, Tizedi."

Hicho ndicho cheo pekee nitakachokitaja.

Kazi iliyokuwa mbele yetu ilikuwa mkaratusi wa shule moja ya msingi kule Riruta, ambao wenyewe huita blugamu. Ulikuwa mrefu, mnene, umelalia madarasa kama mlevi aliyeegemea ukuta. Ulitakiwa uangushwe shule zikifungwa. Nilikwenda kuuangalia nikiwa peke yangu. Nilijua kuvuta na kushika, na nilijua kwamba ikinikata nimekosea. Nilijua pia kwamba Silanga yote itakuwa chini yake. Nilipolala nilijiuliza swali moja tu: je, nitajifunza kazi hii kabla ya kuua mtu, au baada?

Nilimwambia Githinji sitaugusa mti ule mpaka nipate mafunzo ya usalama. Nililisema hilo nikitazama viatu vyangu, lakini nililisema.

"Shule ya pawasoo?" akauliza. "Ukiipata niite, hata mimi nitakaa dawati la mbele." Kisha akaacha kucheka. "Shule zikifungwa na bado unaogopa, kuna vijana wengi Kawangware wasioogopa."

Hiyo nayo ilikuwa kweli. Walikuwa wengi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kushika pawasoo. Ndiyo maana hawakuogopa.

Basi nikaanza kutafuta shule. Nilikwenda dukani mjini walipouza misumeno mipya, kijana wa tai akanieleza kwa upole kwamba mafunzo ni ya mteja aliyenunua mashine. Nikamuuliza kama mti utamuuliza mtu mashine ni ya nani. Hapana, nadanganya, sikumuuliza. Nilitikisa kichwa nikatoka. Hilo swali lilinijia nikiwa nimefika Ngong Road, na ndivyo maswali yangu yote yalivyo.

Ofisi moja ya misitu ilitaka kitambulisho cha Kenya na cheti cha kidato cha nne. Nilitazama mikono yangu na kushangaa kwamba pawasoo yenyewe ilikuwa imenikubali bila hata kimojawapo. Chuo kimoja kilisema kozi ipo, ila ni kwa Kiingereza, na ni mwaka kesho kama watu watatosha. Nilikwenda hata kwenye ofisi ya nchi yangu, ambako karani alinisikiliza kwa makini, akaita mwenzake aje asikilize tena.

"Umetoka Tanzania kuja Kenya kujifunza kukata miti?"

"Kukata bila kuua, mzee."

"Kwani nyumbani miti imeisha?"

Walinipa kiti na chai, jambo ambalo ofisi nyingine hazikufanya, kisha wakanishauri nirudi kwetu. Ugenini ndivyo ulivyo. Unaruhusiwa kufanya kazi yoyote inayoweza kukuua, lakini kufundishwa usife kuna wenyewe.

Shule zilikuwa zinakaribia kufungwa nilipokutana na Wafula Kawangware sokoni, Jumapili. Alikuwa amevaa buti ngumu na akitembea kama mtu anayetaka buti zitazamwe. Kule kwenye chai, alisema, hupewi msumeno kabla mwalimu hajakufundisha, na wiki hiyo kundi jipya linaanza. Ni wafanyakazi tu wanaoruhusiwa, au jamaa za wafanyakazi wanaongoja nafasi.

"Basi sina nafasi," nikasema.

"Una dada?"

"Ninaye."

"Nimemwoa," akasema Wafula. "Jumatatu, saa moja."

Mwalimu alikuwa mtu wa Kericho, Kiprono, mkavu kama kuni za zamani. Aliniangalia, akamwangalia Wafula.

"Huyu ni shemeji yako?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Ametoka wapi?"

Nikajibu mwenyewe: "Usambara, mwalimu. Shikamoo."

Kiprono akamgeukia mwenzangu. "Wafula, kwa hiyo bibi yako ni Mtanzania?"

"Amekuwa Mtanzania tangu jana, mwalimu."

Nadhani ilikuwa ile shikamoo iliyoniokoa. Alisema katika maisha yake hajaona mtu akimwamkia kabla ya kushika msumeno, na kwamba anayeanza na adabu anaweza kufundishika. Akafundisha kwa Kiswahili, nyuma ya kiwanda, kwa watu ambao nusu yao hawakumaliza shule. Vyeti na Kiingereza sikuviona mahali popote.

Siku nzima ya kwanza hakuturuhusu kugusa mashine, mpaka wengine wakanung'unika. Tulitazama miti. Alituuliza jambo la kwanza kabla ya kuwasha pawasoo ni lipi. Mmoja akasema oili. Mwingine cheni. Wafula, aliyekuja kusikiliza tena bure, akasema masikio.

"Jambo la kwanza," Kiprono akasema, "tazama nani yuko chini. Mti una njia moja unayoitaka wewe, na nyingi unazozitaka wenyewe. Mtu yeyote asiye na kazi pale awe mbali mara mbili ya urefu wa mti. Mara mbili. Siyo mbali ya macho, mbali ya miguu."

Kisha akatufundisha kukata pengo upande ambao mti utaangukia, kuacha kipande cha katikati bila kukatwa ili kiuongoze kama bawaba ya mlango, na kufyeka njia yetu ya kukimbilia kabla, siyo wakati wa kukimbia. Akatufundisha kugonga shina na kusikiliza kama ndani ni mbovu. Nilifurahi kama mtoto.

Siku ya mwisho niliuliza swali, na mlionifahamu mtajua uzito wa jambo hilo.

"Mwalimu, na kama watu hawataki kuondoka?"

Darasa likacheka. Kiprono akafungua sanduku akatoa utepe mzuri wa nyekundu na nyeupe. "Unazungusha huu."

Nikaushukuru ule utepe kwa macho. Kibera ungedumu kama sukari kwenye sahani ya watoto, na kesho yake ungekuwa kamba ya kuanikia nguo. Mwalimu alinipa kila kitu isipokuwa hicho nilichokijia. Lakini nilirudi nikijua sasa ninachokosa, na hilo si dogo.

Jioni nilikwenda Silanga. Mama Risper alikuwa kwenye makaa yake, mkono umefungwa shingoni kwa leso ile ile ya njano.

"Shikamoo, mama."

"Wewe na hiyo shikamoo yako. Sema, unataka nini?"

"Kesho tunaangusha blugamu ya Riruta."

"Najua. Leso nafunga na mkono moja, usiogope."

"Naogopa, mama. Nimefundishwa. Watu wanatakiwa kukaa mbali mara mbili ya mti."

Alicheka mpaka mkono ukamuuma. "Mara mbili! Hapo mbali nitashika tawi gani? Nikikaa huko, huyu mwenzangu Nyaboke anachukua yangu, na watoto wangu wapike na nini, na mara mbili yako?"

Nilisimama pale nikichorachora vumbi la makaa kwa kidole cha mguu, na kwa sababu sikuweza kumtazama usoni nikaitazama leso. Ndipo nikasema, polepole, kama ninavyoandika.

"Leso zisifungwe kwenye mti. Zifungwe zenyewe kwa zenyewe. Moja na nyingine, ziwe kamba, huko mbali. Aliyefunga kwanza anachagua tawi kwanza. Anayevuka kabla mashine haijanyamaza, leso yake inapelekwa mwisho."

Mama Risper aliacha kucheka. Alilipima jambo lile kama anavyopima debe la makaa, akitafuta mahali penye ujanja.

"Nani atahamisha leso ya mwenye kuvuka?"

"Mimi siwezi, mama. Mimi nina haya."

"Hiyo naona," akasema. "Mimi sina."

Asubuhi alikuwa Riruta kabla ya lori letu. Alitoa leso ya njano shingoni, mkono wake akauingiza kwenye gauni, akaifunga ncha moja kwenye nguzo ya goli la uwanja wa shule. Akina mama walibishana naye, wakaonywa, na Nyaboke alijaribu kuvuka na leso yake ikapelekwa mwisho hata kabla sijawasha mashine. Baada ya hapo hakuna aliyejaribu. Upande wa nyuma kulikuwa na ukuta, kushoto ua wa kaiyaba. Uwanjani ilinyooshwa kamba ya maua, majogoo na methali, mama kila mmoja nyuma ya nguo yake ameshika kiuno.

Githinji alifika na kofia ya pikipiki mkononi. "Hii ni nini? Tumekuja kuanika nguo?" Akainamia kamba akapita. Yeye alikuwa mwenye mali, na kamba za akina mama hazimhusu. Akasimama kwenye kivuli kizuri upande wa lango, chini ya matawi, mahali kama pale akina mama waliposimama siku zote, akaiweka kofia chini kwa sababu ya joto, akaanza kunielekeza kwa kidole.

Nilikuwa nimegonga shina na kusikia uwazi upande mmoja. Nilikata pengo. Nilianza kukata nyuma. Mashine ikinguruma huwezi kumwambia bosi neno, na hata ikinyamaza mimi nisingeweza. Nikaizima, hata hivyo. Nikasimama. Nikamtazama Githinji, kisha nikamtazama Mama Risper, na huo ndio ukawa mchango wangu wote.

Ilitosha.

"Githinji!" ile sauti ikaja kutoka golini. "Toka hapo! Huna leso hapo!"

"Huu mti ni wangu!"

"Mti ni yako, leso ndiyo huna! Toka, ama uende mwisho wa laini, nyuma ya Nyaboke!"

Wanawake wote wakaangua kicheko. Mwanamume anaweza kubishana na usalama, lakini kubishana na kicheko cha Silanga ni kazi nyingine. Githinji akatoka akinung'unika, akaiacha kofia yake pale pale ili tujue anarudi.

Nikawasha. Mkaratusi ulikwenda njia yangu kidogo, kisha upande ule mbovu ukavunjika, kile kipande cha kuuongoza kikang'oka, nao ukajizungusha ukaenda ulikotaka wenyewe. Ulilala langoni, juu ya kile kivuli kizuri. Mimi nilikuwa kwenye njia niliyoifyeka asubuhi. Vumbi lilipotulia, kofia ya pikipiki ilikuwa bapa kama chapati.

Nikaizima mashine. Kisha Mama Risper akauliza, "Mashine imenyamaza?"

"Imenyamaza, mama."

"Haya. Mimi ndiyo wa kwanza."

Githinji hakuwahi kunishukuru. Baada ya wiki chache nilimsikia akimweleza mteja kwamba kampuni yake ina utaratibu wa kisasa wa usalama, aliobuni mwenyewe, na unatumia leso. Nilitikisa kichwa. Utaratibu ule ulitembea kutoka uwanja mmoja wa mbao hadi mwingine kwa miaka, na simjui mtu aliyeumia nyuma ya kamba ile. Mama Risper mkono wake ulipona, ila ulibaki umepinda kidogo. Alisema ni mzuri kwa kubebea kuni.

Ninyi mna kofia za kweli, buti, suruali zisizokatika, na vyeti vyenye picha. Utepe wa nyekundu na nyeupe mnao pia. Najua, kwa sababu siku ya kuniaga niliuona umepamba ukumbi na kuzungushwa kwenye keki. Ulipendeza sana. Keki haikuumia.

Basi nawaomba mniandikie, hata kwa mwandiko mbaya kuliko huu. Msiniandikie habari za mashine mpya. Niambieni siku ya mti mkubwa utepe huwa mnauweka wapi, na akisimama ndani yake yule mwenye mali, ni nani kati yenu anayemwambia atoke. Nitajieni jina la mtu huyo. Kama hayupo, zimeni mashine kwanza, mtafuteni, kisha ndipo mniandikie.